Miaka Minane ya Betri

Kazini walimwita Kadi, na jina lilimfuata hadi nyumbani bila kubisha hodi. Alikuwa mtunza ghala wa idara ya maji. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna bomba, koki wala mita iliyotoka katika ghala lake bila kuandikiwa kadi ya karatasi ngumu yenye mistari sita: jina la kifaa, tarehe ya kupokelewa, bei, umri wa matumizi, gharama kwa mwaka, na sahihi. Idara ilipoleta kompyuta ili kadi ziachwe, alizipokea kwa heshima zote, akaziandikia kadi.

Mstari aliouheshimu kuliko yote ni ule wa nne. Bei kila mtu anaiona, alisema, lakini kitu kimekugharimu kiasi gani hujui mpaka ujue kitaishi muda gani. Koki ya bei ya chini inayokufa baada ya miaka miwili ni ghali kuliko ya bei ya juu inayoishi kumi. Rahisi ni ghali, wahenga walishasema. Yeye aliongeza kugawanya tu. Maneno hayo aliyasema vikaoni, akayasema harusini, na mara moja akayasema msibani, kuhusu jeneza, ndipo akaombwa aketi.

Watu walimcheka lakini walimwamini, na hiyo si heshima ndogo. Katika mwaka wake wa tisa kazini, hesabu ya ghala ilipungua koki saba. Aliyejua ni yeye peke yake. Akaandika barua ya kujishtaki, akaipeleka kwa mkubwa wake kwa mikono miwili. Mkubwa wake, mtu mwenye huruma, alimwambia koki saba zingeweza tu kuandikwa kwamba zilivunjika. Kadi akamjibu kwamba hazikuvunjika. Akakatwa mshahara miezi miwili, na mkewe alipouliza kulikoni, akamwonyesha nakala ya barua. Mkewe aliisoma mara mbili, akairudisha, akasema kumbe aliolewa uke wenza na karatasi na hakuna aliyemwambia.

Mkewe alikuwa mshonaji. Alikuwa na chumba cha kazi mbele ya nyumba, vyerehani viwili, na meza ndefu ya kukatia ambayo pia ilikuwa meza ya chakula, ya kupigia pasi na ya mashauri yote ya familia. Alishona sare za shule, mapazia, na magauni ya watu waliodai wamepungua. Nyumbani humo friji ilikuwa na kadi, pasi ilikuwa na kadi, na godoro lilikuwa na kadi. Godoro lilikuwa limepitisha umri wake kwa miaka mitatu, jambo ambalo Kadi alilitaja kila walipopanda kitandani.

"Na mimi kadi yangu iko wapi?" mkewe aliwahi kumuuliza.

"Wewe hukupitia ghalani," akajibu, bila kucheka.

Sasa mtu huyu alikuwa na tamaa moja. Alitaka gari. Alipata leseni ya udereva akiwa na miaka ishirini na sita, na tangu siku hiyo kila ilipokaribia kuisha aliihuisha, ingawa kitu pekee alichoendesha ni foklifti ya idara, ile ya kunyanyulia mabomba, kutoka mlango wa ghala hadi kwenye uzio na kurudi. Watoto walisomeshwa wakaondoka, paa likaezekwa upya, cherehani cha pili kikanunuliwa, na gari likaendelea kungoja zamu yake. Kwa miaka thelathini alipanda magari ya watu, akiketi karibu na dereva, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo.

Basi mwalimu mkuu mstaafu, mama mmoja wa mtaa wa pili, akatangaza kuuza gari lake la haibridi, yaani lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme, vinavyopokezana kama watu wanaobeba kitanda. Lilikuwa la miaka kumi na moja, la rangi ya majivu, lililooshwa kila Jumamosi. Bei ni milioni nane. Mwalimu mkuu alisema hapunguzi, na kwa kuwa aliwahi kuwachapa nusu ya watu wa mtaa huo, hakuna aliyebisha.

Wiki hiyohiyo leseni ya Kadi ilikuwa inaisha, na safari hii sheria ilitaka cheti cha macho. Jumanne akaenda kliniki kwa haraka ya mtu anayefuata muhuri tu. Daktari wa macho, mwanamke wa makamo asiyekuwa na maneno mengi, alimweka kidevu kwenye mashine, akamwambia atazame katikati na kubonyeza kitufe kila akiona nukta ya mwanga. Kadi alibonyeza kwa bidii. Alitoka akiamini amefaulu vizuri.

Daktari akamwekea mbele karatasi yenye duara. Upande wa kushoto ulikuwa mweusi.

"Mzee, upande huu kulikuwa na nukta thelathini," daktari akasema. "Umebonyeza tisa."

"Nyingine zilikuwa wapi?"

"Zilikuwepo."

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimweleza kwamba haiumi, haina haraka, inakula kutoka pembeni kuja katikati, na kilicholiwa hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kuichelewesha. Kwa leo bado anapita na cheti angemsainia, lakini arudi kila miezi sita bila kukosa.

"Nitaendesha kwa muda gani?" Kadi akauliza. Ndilo swali aliloliuliza kuhusu kila kitu maishani mwake, na lilitoka kinywani kabla hajalizuia.

Daktari hakupenda kujibu. Kadi akangoja, maana alikuwa amezoea watu wasiopenda kujaza mstari wa nne.

"Ukitumia matone kila siku," daktari akasema, "miaka minne. Labda."

Kadi akashukuru, akachukua cheti na chupa ya matone, akarudi ghalani. Akaiandikia chupa kadi: matone themanini, tone moja kila jicho kila siku, umri wa matumizi siku arobaini. Kadi hiyo akaiweka chini ya nyingine zote, na chupa akaificha ndani ya kasha la miwani yake ya kusomea. Hakumwambia mtu. Aliogopa. Aliogopa kwamba mkewe atalikataa gari, na aliogopa zaidi kwamba jambo lenyewe likishatoka mdomoni halitarudi tena kuwa siri ya karatasi yenye duara. Mficha maradhi kilio humuumbua, hilo alilijua tangu utotoni. Alitaka tu kilio kichelewe kidogo, gari liwe limeshaingia uani.

Mkewe, kwa upande wake, hakulikataa gari. Alilishuku, na kwake hayo ni mambo mawili. Kila wiki alikodi teksi kuleta majora ya vitambaa na kupeleka mapazia kwa wateja, na ukijumlisha nauli za mumewe, usafiri ulikuwa unawala milioni tatu na laki mbili kwa mwaka. Hilo lilimuuma. Kilichomtisha ni betri. Mdogo wake, mwuza viatu aliyejua kila kitu kuhusu magari isipokuwa kuwa nalo, alikuwa amemwambia kwamba betri ya haibridi ikifa ni afadhali uliache gari palepale barabarani, ushuke na mkoba wako.

"Tumwite fundi aipime," mkewe akasema. "Mimi sinunui kitu kilichokwisha kuagwa."

Fundi waliyemleta aliitwa Volti, mtu mwembamba mwenye kibanda cha kutengeneza umeme wa magari. Jumamosi saa nne asubuhi aliingia uani kwa mwalimu mkuu, akachomeka kifaa chake chini ya usukani, akahamia kiti cha nyuma akitazama namba zinavyopanda na kushuka. Mwalimu mkuu alisimama barazani, mikono nyuma, akisimamia mtihani.

"Betri ina vipande ishirini na nane," Volti akasema hatimaye. "Vitatu vimechoka. Tukivibadilisha, laki nane, itakuwa sawa."

"Ikishakuwa sawa, itaishi muda gani?" mkewe Kadi akauliza.

"Inategemea, mama."

"Inategemea nini?"

"Joto. Betri hii inapumua. Hapa pembeni ya kiti kuna matundu, na ndani yake kuna feni inayovuta hewa. Matundu yakiziba, betri inachemka, na ikichemka inakufa mapema." Akafungua kifuniko, akachomoa feni, akaipuliza. Likatoka vumbi jeupe la chaki, la miaka kumi na moja. Mwalimu mkuu akatazama maua yake.

"Mama unafanya kazi gani?" Volti akauliza.

"Nashona."

Volti akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Nyuzi ni mbaya kuliko chaki. Utakuwa unapakia vitambaa humu kila wiki. Feni isafishwe kila miezi mitatu."

"Nikiisafisha kila miezi mitatu?"

"Miaka minane. Baada ya hapo sikudanganyi, hakuna atakayelinunua. Ni chuma chakavu."

Mkewe hakuridhika hata kidogo. Aliuliza mota inaishi muda gani, breki zinalika kwa kasi gani, bima inapanda au inashuka. Aliuliza kama yeye Volti angeweza kumuuzia dada yake gari kama hili. Volti akasema dada yake analo kama hili. Mkewe akaomba namba ya simu ya dada, akapewa, akapiga palepale, akaenda kuongea chini ya ukuta kwa robo saa nzima. Aliporudi alikuwa amethibitisha habari za betri na amepata oda ya mapazia ya vyumba vitatu.

Muda wote huo Kadi alisimama karibu na taa ya mbele ya kushoto, mikono mfukoni. Watu wawili walikuwa wameiinamia betri wakihojiana itaishi muda gani, na hakuna aliyefikiria kumuuliza dereva. Alipitisha kiganja juu ya boneti mara moja, akakirudisha mfukoni.

Mwalimu mkuu aliwapa hadi Jumatatu jioni. Kuna mnunuzi mwingine, alisema, na yeye hana tabia ya kungojea wanaochelewa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, vyombo vilipoondolewa mezani, Kadi alitoa kadi mpya na kalamu ya wino. Alikuwa ameshaamua. Ataandika minane. Usiku mzima alikuwa amejishawishi kuwa huo si uongo: fundi amesema minane, shahidi yupo, na kadi ni ya gari, si ya dereva. Akaandika jina la kifaa: gari la haibridi, moja. Tarehe akaiacha wazi. Bei: milioni nane, na laki nane za vipande vya betri. Alipofika mstari wa nne, mkono ukasimama.

Alijaribu. Tusimwonee, alijaribu kweli. Aliinuka akanywa maji, akarudi, akaishika kalamu upya, akajikaza kisabuni. Lakini mstari ule haukuuliza kitu kitadumu muda gani. Uliuliza kitatumika muda gani, na ni yeye aliyewafundisha watu tofauti ya hayo mawili, wengi wao kwa nguvu. Gari bila dereva ni banda lenye matairi, na katika nyumba hiyo mwenye leseni ni mmoja. Mkono wake ulikuwa umeandika ukweli miaka thelathini na mmoja na haukujua kazi nyingine. Ukaandika: miaka minne.

Kisha akagawanya, maana baada ya kuandika ndicho kinachofuata. Akaongeza bima, petroli, matairi na Volti. Gari alilolitamani maisha yake yote likatoka ghali kuliko teksi kwa laki sita kila mwaka.

Mkewe aliingia akifuatana na mdogo wake, yule mwuza viatu, aliyekuja kula na akabaki kutoa ushauri. Wakaisoma kadi pamoja, wameinama, kila mmoja upande wake.

"Minne?" mdogo wake akasema. "Shemeji, hapa umeteleza. Fundi kasema minane. Na mimi naijua moja imefika kumi na mitano. Weka minane, gawanya, uone: gari hii inawarudishia laki tano kila mwaka. Kwa minne mnakula hasara." Wiki iliyopita alikuwa analitelekeza barabarani, leo alikuwa wakili wake. "Mtu anayelitaka gari anaandikaje minne?"

"Nimeandika ninachojua," Kadi akasema.

"Sasa unajua kuliko mashine ya fundi?"

Kadi akaifunga kalamu. Mkewe alikuwa anaitazama tarakimu ile anavyotazama pindo lililopinda.

"Hebu nenda kaninunulie vifungo," akamwambia mdogo wake. "Vile vyeusi vikubwa."

"Jumapili wamefunga."

"Nenda polepole. Mpaka ufike watakuwa wamefungua."

Mdogo wake akatoka shingo upande. Mkewe akavuta kiti, akaketi mbele ya mumewe, mikono juu ya meza.

"Baba watoto," akasema, "mimi nimepima watu miaka ishirini na mitano. Mtu akinipa kipimo kisichoendana na mwili wake, ni mawili. Ama ananidanganya, ama anaumwa."

Kadi akatazama meza.

"Wewe kudanganya huwezi. Zile koki tulizilipa miezi miwili. Kwa hiyo niambie, unaumwa nini?"

Kadi alikuwa amejiandaa kwa maswali ya betri, ya bima, ya bei ya petroli, na yote alikuwa na majibu yake. Hili hakuliandaa.

"Macho," akasema.

Akamweleza yote kwa mpangilio, tangu kitufe hadi matone, kwa sauti ileile ya kusomea orodha ya mabomba. Alipofika penye kilicholiwa hakirudi, akaichomoa chupa kwenye kasha la miwani, akaiweka mezani. Akaendelea mpaka mwisho. Mkewe alisikiliza bila kumkatisha. Alikasirika, na haikufichika. Siku tano chupa ilikaa nyumbani kwake, ambako sindano ikianguka yeye husikia, na hakujua. Alimwambia hivyo. Alimwambia pia kwamba angekuwa mteja angemrudishia kitambaa chake. Kisha hasira ikamwisha, akabaki anamhurumia, na kumhurumia hakukuweza, kwa hiyo akasimama kutafuta kazi ya kufanya.

"Tazama mbele," akasema. "Tazama cherehani kile. Usigeuze shingo."

Akachukua kifungo kikubwa chekundu, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe. Akakishika kifungo kwa vidole viwili, akakileta taratibu kutoka nyuma, upande wa kulia. Kilipopita sikio kidogo tu, Kadi akasema naona. Mkewe akatia alama ya chaki mezani. Akahamia kushoto. Kifungo kikapita sikio, kikapita bega, kikaja, kikaja, na Kadi akingoja kwa utulivu wa mtu ambaye bado hajaonyeshwa kitu. Kilipokaribia kabisa cherehani ndipo akasema naona. Mkewe akatia alama ya pili, akatandaza futi yake ya kupimia kutoka katikati ya meza hadi kila alama. Kulia, inchi thelathini na moja. Kushoto, kumi na moja. Akaviandika vipimo hivyo katika daftari la wateja, ukurasa mpya, kwa sababu ndivyo anavyoandika vya kila mtu.

"Kumi na moja," Kadi akasema. Hakuwahi kuambiwa kwa inchi.

"Ndiyo."

Alama mbili za chaki zilikuwa zinawatazama. Mkewe hakuzifuta. Akaivuta kadi ya gari upande wake.

"Minne ni ya kwako," akasema. "Gari lina minane."

"Dereva ni mmoja."

"Nani kasema?"

Kadi akainua uso. "Hujawahi kushika usukani, mama watoto."

"Cherehani nilizaliwa nacho?" Akaigeuza kadi, akamsukumia. "Gari hii uliianza kuingoja kabla hujaningoja mimi. Minne ya mwanzo ni yako. Endesha. Minne ya mwisho ni yangu. Sasa jumlisha."

Kadi akajumlisha, ingawa haikuhitaji. Akakaa na ile minane kwa muda, akaitafuta hila ndani yake, asiione. Ilikuwa hesabu safi.

"Kuna ada ya chuo cha udereva," akasema.

"Iandike."

"Laki tatu."

"Iandike, nimesema. Nitaingia mwakani, mapazia ya dada yake Volti yakishatoka."

Katika kadi hakufutwi. Hupigwa mstari mmoja juu ya kosa, na sahihi huwekwa pembeni. Kadi akaikata minne, akaandika minane, akatia sahihi. Nyuma ya kadi akaandika mgawanyo: baba, minne, mama, minne. Akaongeza ada ya chuo, akagawanya upya. Ile faida ya laki tano ikashuka hadi laki nne na elfu sitini na mbili na mia tano kwa mwaka. Aliisoma kwa sauti hadi ile mia tano ya mwisho.

Mdogo wa mkewe akarudi akasema wamefunga.

Jumatatu walimlipa mwalimu mkuu, naye akazihesabu noti mara mbili na kuwaambia wamefanya vizuri. Katikati ya wiki Volti akabadilisha vipande vitatu. Jumamosi iliyofuata, asubuhi, walikwenda kulichukua gari kwa miguu, mkewe akiwa na mkoba, na ndani ya mkoba kadi, kwa kuwa tarehe ya kupokelewa haijazwi mpaka kitu kipokelewe. Kadi aliijaza juu ya boneti. Kisha akafungua mlango, akaketi, akarekebisha kioo cha kushoto, cha kulia na cha katikati, akarudia cha kushoto.

Akabonyeza kitufe cha kuwasha. Taa za dashibodi zikawaka. Sauti hakuna.

"Limewaka?" mkewe akauliza, akiwa ameketi kushoto kwake.

"Limewaka."

"Mbona halisemi?"

"Ndivyo lilivyo. Linaanza na umeme."

"Afadhali," mkewe akasema. "Waongeaji wako wengi."

Likatoka uani kimya kimya. Kadi alikuwa na furaha, furaha ya mtu wa miaka ishirini na sita aliyeazimwa mwili wa miaka hamsini na saba. Alipita duka la rangi, akapita ukuta wa shule, akapita kibanda cha Volti, ambaye aliinua bisibisi kumsalimu. Mikono yake ilikuwa pale inapotakiwa kuwa, na mguu wa kulia, kwa mara ya kwanza katika barabara ya watu, ulikuwa na breki chini yake. Mkewe alimwona anatabasamu, akageukia dirisha ili asimharibie.

Kwenye njia panda ya kwanza akapunguza mwendo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaachia breki.

"Baiskeli," mkewe akasema.

Akaikanyaga. Kutoka kushoto, mtu mwenye trei za mayai nyuma ya baiskeli akapita mbele ya boneti, polepole kabisa, akawapungia mkono kuwashukuru kwa kumpa njia. Hakuwa ameibuka ghafla. Alikuwa barabarani hapo muda wote, mchana kweupe, na mayai yake.

Kadi alivuka njia panda, akasogea pembeni, akaegesha vizuri, akavuta breki ya mkono. Mikono ikabaki juu ya usukani. Watu wawili walipita wakilitazama gari kwa kijicho, wakaenda zao.

"Kadi unayo?" akamuuliza mkewe.

"Ninayo."

"Ile minne yangu. Andika miwili."

Mkewe alimtazama, akaona kwamba alikuwa ameshamaliza kulia na hakuna chozi lililotoka. Hakubishana naye. Akaitoa kadi kwenye mkoba, akaiweka juu ya goti, akapiga mstari mmoja juu ya minne, akaandika miwili. Chini yake, penye jina lake, akakata minne, akaandika sita. Akampa mumewe kalamu, naye akatia sahihi pembeni ya kila kosa.

"Chuo nitaanza Jumatatu," mkewe akasema, akiirudisha kadi mkobani. "Mapazia yatangoja."

"Sawa."

Akaachia breki ya mkono, wakaondoka. Kwenye njia panda ya pili akasimama kabisa. Akatazama kulia. Akatazama kushoto, akaona barabara tupu, akaendelea kuitazama, kisha akatulia na mguu juu ya breki, akingoja.

Mkewe akajivuta mbele, akatazama kushoto hadi mwisho wa barabara.

"Pita," akasema.